Mama Maina: Maisha ya Rahab Njoki Karanja, 1956–2025

Wapendwa mliofika kutoka Kuresoi, Molo, Nakuru, Naivasha na kwingineko, tunawashukuru kwa kutembea nasi. Mimi ni Kiarie, mtoto wake wa kwanza. Familia imeniomba nisome maisha ya mama yetu. Nimeyaandika mwenyewe, na pale nitakaposhindwa kusoma, dada yangu Nyambura atanipokea.

Rahab Njoki alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha, katika shamba la mzungu ambapo baba yake alikuwa akikama ng'ombe. Alikuwa mtoto wa tano kati ya saba. Walikaa katika safu ya nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja, na chakula kilipikwa nje. Miaka hiyo ilikuwa ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Kabla hajazaliwa, mjomba wake alichukuliwa na askari akiwa njiani kwenda dukani, na hakuonekana tena. Mama alikua akisikia jina la mjomba huyo likitajwa kwa upole, kama linavyotajwa jambo lililotokea zamani sana. Alituambia kwamba alipokuwa mtoto hakuona huzuni yoyote ndani yake. Bibi yake, aliyemzaa mjomba huyo, alikuwa akikaa mlangoni kila jioni akitazama barabara. Wajukuu walidhani bibi anapenda hewa.

Alianza shule mwaka 1964 katika shule ya msingi ya pale shambani, na akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Alipita vizuri, lakini nafasi ya sekondari ilienda kwa kaka yake. Alibaki nyumbani akisaidia kazi hadi mwaka 1974, kanisa lilipomchukua pamoja na wasichana wengine kwenda Nakuru kusomea ualimu wa nasari.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na baba yetu, Simon Karanja, ambaye wazazi wake walikuwa wamepata shamba Kuresoi kupitia kampuni ya kununua ardhi. Harusi ilifanyika Molo. Siku hiyo mvua ilinyesha, na lori lililowabeba kuelekea nyumbani likakwama kwenye matope. Bibi harusi alivua viatu, akashika gauni mkononi, akatembea kilomita iliyobaki. Mama mkwe alipomwona anaingia na matope hadi magotini alimwambia Baba, "Huyu atakaa." Na kweli alikaa. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mimi nilizaliwa 1978, Nyambura 1983, na Maina tarehe 9 Mei 1988.

Kazi yake aliifanya pale pale Kuresoi. Alifundisha nasari kuanzia mwaka 1979 hadi mwisho wa mwaka 2007, na wengi wenu mlioketi hapa mlipitia mikononi mwake. Mnakumbuka alivyofundisha hesabu kwa viazi. Kila mtoto alikuja na kiazi kimoja, vikapangwa kwenye meza, vikahesabiwa wiki nzima, na Ijumaa vikapikwa kwenye sufuria kubwa. Kuna mtoto mmoja alimwendea mzazi wake akilia kwamba tisa imeliwa na Weldon. Weldon yuko hapa leo, ni mtu mzima, na nitamtaja tena. Katika darasa hilo walikaa watoto wa kila kabila lililokuwa Kuresoi. Mama aliwaongelesha kwa lugha zao kabla hajawaongelesha kwa Kiswahili.

Mwaka 1992, katika machafuko ya kikabila, nyumba yetu ilichomwa mara ya kwanza. Tulilala kanisani Molo, halafu tukarudi tukajenga. Mwaka 1997 tulitoroka tena, tukarudi tena. Watu walimwuliza Mama kwa nini anarudi. Alijibu kwamba shule inafunguliwa Januari.

Halafu ukaja uchaguzi wa Desemba 2007.

Mimi nilikuwa Nakuru kikazi. Haya nasimulia kama nilivyoelezwa na Mama, Baba na Nyambura. Jumatano tarehe 2 Januari 2008, asubuhi, walisikia mayowe upande wa chini na wakaona moshi. Lori la jirani lilikuwa barabarani likipakia watu. Walipanda na blanketi, sufuria na Biblia. Maina, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa akisaidia shambani, alisema ndama wamefungwa ndani ya kibanda na moto ukifika watachomeka.

Baba akamwambia, "Wachana nao. Panda."

Maina akamtazama Mama. Mama alijua jinsi alivyowalea ndama hao kwa chupa. Akamwambia, "Enda ufungue, urudi mbio."

"Mkiona nimechelewa nendeni," Maina akasema. "Nitawapata Molo."

Aliruka chini akiwa na gumbuti, zile buti za mpira, na sweta ya kijani. Lori lilingoja, halafu watu wakaanza kumpigia dereva makelele, na dereva akaondoa gari. Mama alijaribu kuruka, Baba na Nyambura wakamshika. Hilo la kushikwa hakuwasamehe kwa muda mrefu. Na hilo la kumwambia Maina aende hakujisamehe kabisa.

Maina hakufika Molo. Walikaa katika kambi ya wakimbizi ya showground, uwanja wa maonyesho wa Nakuru, kwa miezi mingi. Mama hakukaa kambini kwa kweli. Alitembea. Alienda kila hospitali na kila chumba cha maiti kati ya Nakuru na Kericho, akiwa na picha ya Maina ya kitambulisho aliyoikuza. Alifunuliwa maiti ambazo mtu hapaswi kuonyeshwa. Alirudi jioni, akanawa mikono kwa muda mrefu, kisha akapika. Ni wakati huo alipoanza kukataa kuitwa Mama Kiarie. Mtu akimwita hivyo, alisema, "Niite Mama Maina. Kiarie yuko, hahitaji kuitwa." Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nakiri iliniuma, lakini nilimwelewa.

Familia ilipata ploti hapa Gilgil, upande wa juu wa Kikopey, mwaka 2009. Baba hakuipenda. Alisema hapa ni pakavu na watu wanakula nyama barabarani kama hawana nyumba. Alifariki Agosti 2011 kwa ugonjwa wa moyo, na wengi wenu mlikuwa hapa tukimlaza. Kabla hajafa alimwambia Mama, "Njoki, ungeacha tu anisikie nilipomwambia apande." Hakukuwa na hasira katika maneno hayo. Afadhali yangekuwa na hasira.

Miaka ilipita. Wale tuliokuwa nao kambini walianza kuongea juu ya mambo mengine. Watoto waliozaliwa kambini walianza shule. Mwaka 2015 wakili mmoja rafiki wa familia alitueleza kwamba mtu asiposikika kwa miaka saba sheria inaruhusu ahesabiwe kuwa amekufa. Wazee wa kanisa wakapendekeza ibada ya kumbukumbu, ili Mama apate pa kushika. Walikuja hapa nyumbani kwa nia nzuri. Mama aliwapikia chai, akawasikiliza wote, halafu akawauliza, "Mkishaandika amekufa, nani ataendelea kumtafuta?"

Mzee mmoja akamwambia kwa upole kwamba hayo mambo sasa yamepita.

"Yamepita yakienda wapi?" Mama akamwuliza. "Mimi nimekaa hapa hapa, sijayaona yakipita."

Mwaka 2021 binti yangu Abby, akiwa kidato cha pili, alirudi nyumbani na kazi ya shule. Mwalimu wa historia alikuwa amewaambia wamtafute mtu mzima katika familia wamuulize maswali kuhusu machafuko ya baada ya uchaguzi. Abby akaketi na Mama jikoni.

"Shosho, mwalimu amesema tuulize watu wenye waliishi wakati huo."

"Mwalimu wako alikuwa wapi?"

"Alikuwa class four. Hakumbuki vizuri."

Mama aliendelea kumenya viazi. Mwishowe akasema, "Basi kwake ni historia, na si makosa yake. Mimi pia nilikuwa na mjomba aliyepotea nikadhani ni hadithi. Lakini mwambie kwangu bado ni Jumatano ile."

Abby aliandika jibu hilo kama lilivyo. Mwalimu alimrudishia, akamwomba aandike tarehe kamili na sababu za machafuko. Abby alilia. Mama hakulia. Alimwambia, "Muandikie sababu anazotaka. Upite mtihani." Lakini kuanzia siku hiyo nilimwona akikaa pale mbele ya nyumba jioni, ameelekeza kiti upande wa barabara kuu. Nilipomletea sweta aliniambia, "Sasa najua bibi yangu hakuwa anapunga hewa."

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo simu yake ililia mchana. Ilikuwa Cheptanui, jirani yetu wa Kuresoi, mama yake Weldon. Baada ya sisi kuondoka, familia yao ilinunua sehemu ya shamba letu kwa njia ya haki, tukiwa tumekubaliana. Weldon alikuwa akichimba shimo la choo pembeni, karibu na mahali kilipokuwa kibanda cha ndama, akafikia mifupa ya mtu. Mama yake alimwambia aweke jembe chini. Baadhi ya watu wa kule walimshauri Cheptanui afukie anyamaze, maana polisi wakija watamwuliza mwenye shamba. Yeye alipiga simu kwa Mama kabla hajampigia mtu mwingine yeyote.

"Mama Maina," alisema, "njoo. Usije mbio. Keti kwanza chini."

Nilimpeleka mwenyewe. Tangu lori lile liondoke, Mama hakuwa amekanyaga Kuresoi. Hakutazama nyumba wala miti. Alienda moja kwa moja hadi kwenye shimo. Kulikuwa na mifupa, kulikuwa na kipande cha nguo ambacho rangi yake haikujulikana tena, na kulikuwa na gumbuti moja nyeusi. Alipiga magoti pale kwenye udongo akaweka mkono juu ya gumbuti. Cheptanui alipiga magoti karibu naye. Weldon alisimama mbali, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Polisi walifika alasiri. Afisa aliyeongoza alikuwa kijana mwenye adabu. Alitazama akasema, "Mathe, hapa Rift Valley mifupa ya kale ni mingi. Hii inaweza kuwa ya watu wa zamani kabisa. Lazima tuite watu wa museum waangalie kwanza."

Mama akamwambia, "Watu wa zamani kabisa walikuwa wanavaa gumbuti?"

Afisa akasema gumbuti ingeweza kutupwa hapo baadaye. Aliamuru shimo lifunikwe. Weldon alilifunika kwa karatasi ya nailoni, akaweka mawe pembeni, akazungushia miiba ili mbwa wasifike.

Mtaalamu wa mambo ya kale alikuja, mwanamke mchanga, amevaa buti za kazi. Alishuka ndani ya shimo, akatazama kwa muda mfupi, akapanda. Aliomba radhi kabla ya kusema. "Hii si yetu. Sisi tunashughulika na vitu vya kale. Huyu ni mtu wa juzi. Hii ni kesi ya polisi."

Tukarudi kwa polisi. Mkubwa wa afisa yule alitupokea ofisini, akatupa viti. Alisema hakuna faili iliyo wazi ya wakati huo. Zilifungwa kwa kukosa ushahidi. Akasema, na nanukuu kwa sababu nilikuwa nimekaa pale, "Mama, pole sana, lakini hayo ya elfu mbili na nane sasa ni historia."

Mama alisimama. Hakupaza sauti. Alisema, "Wa historia wamesema si wao. Nyinyi wa sheria mnasema si wenu. Sasa huyu ni wa nani?"

Kwa siku nyingi mifupa ilibaki chini ya nailoni, kwa sababu ilikuwa mipya sana kwa upande mmoja na ya zamani sana kwa upande mwingine. Mvua ilinyesha. Mama alikataa kurudi Gilgil. Alilala kwa Cheptanui, na mchana alikaa kwenye kigoda kando ya shimo, akiwa na mwavuli. Akina mama wa kule, ambao wengine hawakuwa wamemsalimu tangu mambo yaharibike, walianza kumletea mursik, maziwa yao ya mgando, na ugali, wakakaa naye kidogo, wakaenda. Mzee mmoja alipita akasimama mbali, akamwambia, "Mwalimu, pole." Mama akamwuliza, "Ulikuwa hapa siku ile?" Mzee akatazama chini, akaondoka. Mama alisema afadhali angemtukana.

Mwishowe kasisi wa kule na wakili wetu walisumbua ofisi hadi mabaki yakachukuliwa, na Mama akasuguliwa kwa pamba ndani ya shavu kwa ajili ya vipimo vya DNA. Kwenye benchi la kungojea alimkuta Anyango, ambaye yuko nasi leo. Anyango alitoka Nakuru, mtaa wa nyumba za reli. Mume wake, Omolo, alikuwa na pikapu, na mwisho wa Desemba 2007 aliingia Kuresoi kuchukua viazi. Pikapu ilipatikana imechomwa. Omolo hakupatikana. Anyango alikuwa amesikia redioni kwamba kuna mabaki, akaja na watoto wake wapimwe.

Wanawake hawa wawili walikaa benchi moja wakitaka mtu mmoja. Nilikuwa nimesimama ukutani nikasikia wakiongea.

"Wako alikuwa mrefu?" Anyango aliuliza.

"Mrefu. Wako?"

"Wa kadri." Kisha akasema, "Mama, nikuambie ukweli. Naomba awe wangu. Na nikiomba hivyo naona ni kama nakuibia."

Mama akamshika mkono. "Omba," alimwambia. "Mimi pia naomba hivyo hivyo. Atakayepewa, mwingine atamsaidia kuzika."

Matokeo yalikuja Machi 2023. Tuliitwa sote Molo. Yalisomwa kwa Kiingereza, halafu yakaelezwa kwa Kiswahili. Mabaki yale yalikuwa ya mwanamume aliyekuwa na umri kati ya miaka ishirini na thelathini. Hakuwa mtoto wa Rahab Njoki. Hakuwa baba wa watoto wa Anyango. Mama aliomba warudie kusoma. Walirudia. Aliomba wapime tena. Walimwambia haiwezekani kubadilika. Anyango alianza kucheka, kicheko kibaya, mpaka watoto wake wakamtoa nje. Mama alibaki kwenye kiti na mkoba wake mapajani. Tukaondoka kwa gari, tukafika Salgaa. Hapo aliniambia, "Kiarie, nilikuwa nimeshampata."

Hakuna familia nyingine iliyojitokeza. Mabaki yangezikwa katika makaburi ya umma, bila jina. Mama alikataa. Alisema huyu ana mama mahali, na mama huyo akijua mtoto wake ametupwa atalaani hata sisi. Wakili aliomba ruhusa mahakamani, na ruhusa ikatoka. Jumamosi tarehe 15 Julai 2023 tulimzika hapa, katika ploti hii, kaburi mnaloliona pale kando ya Baba. Cheptanui na Weldon walikuja. Weldon alichimba kaburi mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Anyango alikuja na kwaya ya kanisa lake. Mchungaji aliuliza tumtaje kwa jina gani. Mama alisema aandikwe Mtoto wa Watu, na ndivyo msalaba unavyosema.

Wengi wenu mlifikiri siku hiyo ingempa Mama utulivu. Sisi pia tulifikiri hivyo. Haikumpa. Jioni, wageni walipoondoka, aliniambia, "Nimezika mtoto wa mwenzangu. Wangu anazikwa na nani?" Kwa miaka kumi na mitano alikuwa na kazi ya kufanya, kutafuta. Baada ya siku hiyo ni kama hakujua tena pa kutafuta. Aliacha kuongea na waliompigia simu. Alipunguza chakula. Sisi tulidhani ni huzuni tu.

Mapema mwaka 2024 alianza kushindwa kumeza. Daktari hapa Gilgil alimpeleka Nakuru, na tarehe 11 Aprili 2024 tukaambiwa ni saratani ya umio. Alipata matibabu ya mionzi, akapata nafuu kidogo katikati ya mwaka, halafu hali ikawa mbaya. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa heshima. Tunamshukuru Nyambura aliyeacha kazi yake Nairobi akaja kumlisha uji kwa kijiko. Tunamshukuru pia Cheptanui, aliyesafiri kutoka Kuresoi kila alipoweza, akamkanda miguu.

Wakati wa ugonjwa kulikuwa na jambo lililotugawa mimi na dada yangu, naye ameniruhusu niliseme. Nyambura alitaka Mama akubali, kabla hajafa, kwamba Maina amekufa. Alimwambia wodini, nikiwepo: "Mama, nilikushika kwenye lori nikiwa na miaka ishirini na minne. Sasa nina arobaini na mbili. Nimechoka kuwa na kaka ambaye hajafa. Naomba uniruhusu nimlilie."

Sauti ya Mama ilikuwa imekwisha karibu yote. "Mlilie," alimwambia. "Sikukatazi. Lakini usiniambie nimalize. Nikimaliza mimi, watasema imeisha."

Nyambura alilia pale pale, kichwa chake kitandani, kama mtoto mdogo, na Mama akaweka mkono kichwani mwake. Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kukaa.

Siku chache baadaye Mama aliniuliza tutaandika nini kuhusu Maina kwenye programu ya mazishi yake. Nilimwambia asiongee hayo. Akasema, "Niongee nini kingine?" Kisha akanieleza, pole pole, akipumzika kati ya maneno. "Usiandike marehemu, hukumwona. Usiandike yuko hai, utakuwa unadanganya kanisani. Andika hajarudi."

Rahab Njoki alifariki Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, alasiri, huko Nakuru, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Nyambura alikuwa amemshika mkono. Alikufa bila kujua. Sitapamba hilo. Alitaka jambo moja tu duniani kwa karibu miaka kumi na minane, na hakulipata.

Kamati ya mazishi ilipopeleka jina la Maina kwa mchapishaji wa programu, kijana wa dukani alitupigia simu akauliza aweke msalaba wa marehemu mbele ya jina au asiweke. Tulimwambia asiweke. Akauliza kama lile neno "hajarudi" ni makosa ya kuchapa. Alikuwa na miaka minne wakati wa machafuko. Hatukumlaumu.

Kabla sijasoma majina ya familia, naomba kusema neno ambalo Mama alisema mara nyingi na hakupata nafasi ya kulisema mbele ya watu wengi hivi. Wengi wenu mmetoka Kuresoi. Baadhi yenu mlikuwa huko Jumatano ile, mkiwa vijana. Sasa mna watoto, na watoto wenu wanafundishwa siku hiyo shuleni pamoja na vita vya zamani, ili wajibu maswali. Mama hakutaka mtu afungwe. Nyambura anataka, na ana haki yake. Mama alitaka kuonyeshwa mahali tu. Kama kuna mtu hapa aliyemwona kijana mwenye sweta ya kijani akikimbia kuelekea kwenye kibanda cha ndama, tunamwomba atuambie. Hata kama ni leo baada ya kula, nyuma ya nyumba, bila mtu kusikia. Hata kama ni kwa simu bila jina. Amechelewa kumwambia yeye. Hajachelewa kutuambia sisi.

Rahab Njoki alikuwa mke wa hayati Simon Karanja. Ameacha mwanawe Kiarie, na binti yake Nyambura. Ameacha wajukuu, Abby na Natalie. Ameacha ndugu zake wawili wa Ndabibi, na rafiki zake, Cheptanui wa Kuresoi na Anyango wa Nakuru, ambao walitaka kuandikwa kama dada zake, na tumewaandika hivyo. Ameacha watoto wengi aliowafundisha kuhesabu.

Na ameacha mwanawe Maina, ambaye hajarudi.

Mungu ampe Mama pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa.